Mwanangu Aliyempa Kiberiti Sauti

Gatuanyaga,
Thika, Kenya.
Ijumaa, 18 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kaloki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U mzima? Lile goti bado linakusumbua ukipanda ngazi za hao wazee unaowatunza? Rachael hajambo? Na Kaleli wetu ameacha kukohoa? Nasikia huko Brescia sasa ni jua kali mpaka watu wanalala madirisha wazi. Huku Julai imetubana. Asubuhi ukitoa mkono nje ya blanketi unaurudisha haraka. Lakini tuko. Mimi mwenyewe ni mzima kabisa, presha imeshuka, hata yule dada wa zahanati aliniuliza nakula nini nikiwa na miaka hii. Nikamwambia nakula kazi yangu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Janice, binti wa mwinjilisti wetu, anasafiri Jumapili kuja Italia kusomea uuguzi, na nimemwomba akubebee hii barua pamoja na muthokoi kilo mbili, mahindi niliyoyakoboa mwenyewe, na mbaazi kidogo. Mwambie Rachael asiharakishe muthokoi na moto mkali, inataka uvumilivu. Sababu nyingine ya kuandika utaiona huko mbele. Unajua niliishia darasa la sita, kwa hivyo ukikuta kosa ruka uendelee.

Nyumbani yule mbuzi mweusi alizaa mapacha, wote wa kike, na jirani zangu bado hawajamaliza kuuliza nilifanyaje. Mbaazi zimeshika vizuri. Nzomo, kifungua mimba wangu, sasa ni naibu wa mwalimu mkuu huko Mwala. Alipigiwa makofi mpaka mkuu wa elimu akasimama. Nilikuwepo, nilivaa lile vazi la kijani ulilonitumia, na watu watatu waliniuliza kama nimetoka ng'ambo.

Sasa nije kwa Maluki, yule wangu wa pili.

Ulipoondoka alikuwa anashona viatu pale steji ya Kimbo, na hayo mambo ya sinema yalikuwa mchezo wake wa Jumapili. Kaka, huo mchezo ulikua. Ukienda Ruiru leo, kuanzia Kimbo mpaka Mugutha, uliza DJ Tandiko, ndivyo anavyoitwa huko, mtu yeyote mwenye mvi atakuonyesha njia. Kuna nyumba ya mabati nyuma ya duka la mbolea, ina mabenchi na televisheni kubwa, na mbele kuna kiti kimoja na maikrofoni. Hicho kiti ni cha mwanangu. Sinema inaenda na lugha yake, yeye anatia maneno ya Kiswahili juu yake. Madijei wa namna hiyo ni wengi Kenya hii, lakini wengine wanang'ang'ania sinema mpya za kurukaruka. Maluki hataki hizo. Yeye ni zile za kauboi za zamani tu, tena si za Amerika, ni zile zilizotengenezwa na Waitaliano, hao hao unaoishi nao, miaka hamsini na zaidi iliyopita.

Stelingi wao mkubwa ni yule Renzo Caldara niliyekuuliza habari zake kwa simu. Huku hakuna anayemwita hivyo. Anaitwa Kiberiti, kwa sababu kabla ya kupiga mtu risasi anawasha njiti kwa ndevu zake. Ni mtu wa kimya. Anaingia, anatazama, anakunja jicho, sinema nzima hasemi maneno ishirini. Basi mwanangu ndiye alimpa mengine yote. Siringi bure, Kaloki. Huyo mzungu alikuwa kama bubu mpaka Maluki alipomfungulia mdomo pale Kimbo.

Wapenzi wa Kiberiti si wengi, hata mia hawafiki, lakini walivyoshikana hata sisi wa kanisani tungejifunza. Wanakutana Jumapili ya pili ya kila mwezi. Mwenyekiti ni Bedan Githae wa Mugutha, fundi wa mabasi aliyestaafu, mzee wa miaka sitini na nane, na siku hiyo anavaa kofia pana na blanketi aliyoikata tundu la kupitisha kichwa. Mkewe alilia juu ya hiyo blanketi. Kuna Waceke wa mitumba, huyo ukimwonyesha buti tu anakuambia ni sinema gani na mwenye buti atakufa saa ngapi. Na siku hizi wanakuja vijana wa chuo kutoka Juja, wamevaa fulana zenye uso wa Kiberiti. Msichana mmoja wao aliandika kazi yake ya kumalizia masomo juu ya mwanangu, kurasa themanini. Niko nayo hapa kabatini, juu ya sahani za wageni.

Nilikuwa najiuliza hawa watu wanapenda nini. Waliocheza wamekufa karibu wote, rangi imepauka, na mwisho wanaujua. Nikamuuliza Bedan. Akaniambia, "Mama DJ, we tazama hiyo nchi." Maluki akanionyesha kipande kwa simu yake, bila sauti, nikaelewa. Vumbi, mbuzi, miiba, kisima kimoja, watu wamekaa nje ya duka wanangoja sijui nini. Kaka, hiyo ni Gatuanyaga. Tofauti ni kwamba wao wana farasi na sisi tuna boda boda. Halafu anakuja mtu mmoja asiye na haraka, asiyeogopa mwenye duka wala polisi. Ni nani hapendi kumwona mtu kama huyo hata mara moja kwa mwezi?

Sasa yale niliyokuficha kwenye simu.

Tangu Januari sauti ya Maluki ilianza kukwaruza. Tukasema ni vumbi la Kimbo. Nikampa asali, tangawizi, ndimu, nikamkanda na maji ya moto, nikamwombea na kina mama wenzangu. Aprili akahama akarudi kwangu kwa sababu hata kumeza kulikuwa shida. Hospitali ya Thika wakatutuma Nairobi. Nairobi wakaingiza waya wenye taa kooni. Ni kansa. Nimeandika hilo neno mara moja na sitaliandika tena.

Daktari ni kijana mpole, alichora kwa karatasi. Iko kwenye kisanduku cha sauti. Akasema dawa peke yake haitaweza, na ikiachwa itaziba njia ya pumzi. Wakikitoa chote sasa, kuna tumaini kubwa ataishi. Atapumua kwa tundu hapa chini ya shingo, na atakula. Lakini sauti haitakuwa yake tena. Kuna mashine ya kushika shingoni inayounguruma, kuna mambo ya kujifunza. Nikamuuliza, "Hiyo mashine itakuwa na sauti yake?" Akasema, "Hapana, mama." Akaniangalia, nikaangalia ile picha aliyochora.

Kaloki, wewe unajua hiyo sauti ni ya nani. Nzomo nilimpa jina la baba ya mume wangu kama ilivyo desturi, na wa pili ndiye akachukua jina la baba yetu. Sasa fikiria, mtoto anachukua jina, halafu akifika miaka kumi na tano anafungua mdomo na kunatoka sauti ile ile ya mzee Maluki aliyekuwa ananadi ng'ombe mnadani, ambayo sisi tulikuwa tunaisikia tukiwa bado ng'ambo ya mto na kuni kichwani. Unakumbuka tulivyokuwa tunakimbia?

Walitupa tarehe, tarehe kumi na sita Juni. Alisema atatokea Kimbo, alikuwa ameenda kuchukua vitu vyake, tukutane Thika steji saa moja asubuhi. Nilifika saa kumi na mbili na nusu na thamosi ya chai na blanketi. Nikangoja. Saa tatu, saa nne. Nikapiga simu imezimwa. Saa sita nikanywa ile chai mwenyewe nikiwa nimesimama, nikarudi nyumbani. Alikuja jioni. Alikuwa kwenye ile nyumba ya mabati tangu asubuhi, peke yake, anajirekodi akitia maneno kwa sinema ambayo hakuwahi kuimaliza, na sauti yenyewe imebaki kama bawaba ya mlango.

Nilitaka kumgombeza. Sikuweza, kwa sababu tangu azaliwe nimemwita nau. Miaka thelathini na sita namwita baba yangu. Nimemwamkia, nimemwekea kipande kizuri cha nyama, nimemtania kama baba. Ukishamlea mtu hivyo, siku anapokataa jambo anakataa kama baba, na wewe unabaki umesimama hapo na sufuria mkononi kama msichana. Nitamlazimishaje baba yangu?

Daktari alitupa tarehe nyingine, Jumatatu hii inayokuja, tarehe ishirini na moja. Akasema ya tatu hawezi kutupa. Akamkataza Maluki kuongea kabisa mpaka siku hiyo. Ndipo akaanza kuandika kwenye daftari. Lakini kwenda hospitali alisema, yaani aliandika, tutaona.

Sasa nitakuambia kosa langu, na kidogo ni lako pia.

Unakumbuka simu yako ya mwisho wa Juni? Ulinichekesha sana. Uliniambia uliwauliza hao wazee wako habari za Renzo Caldara, nao wakaanza kupiga mluzi chumba kizima mpaka muuguzi akaja. Halafu ukaniambia habari ya yule mzee aliyekuwa fundi wa umeme studio huko Roma. Kwamba alisema zile sinema zilichukuliwa picha kwanza, kila mtu akiropoka lugha yake, sauti ikatiwa baadaye. Na ile sauti nzito ya Caldara haikuwa yake. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Kulikuwa na mtu mwingine anafungiwa chumbani na maikrofoni, ndiye aliyemsemea.

Mimi nikafurahi! Nikajiona nimepata dawa. Nikamwita Maluki, tulikuwa tunapukuchua mahindi pale nje, nikamwambia, "Nau, unaona? Hata Kiberiti mwenyewe hakuwa na sauti. Alikuwa stelingi mkubwa hivyo bila sauti. Kwa hivyo sauti si kitu."

Akaacha gunzi. Akafuta mikono. Akachukua daftari akaandika, "Anaitwa nani?"

Nikamuuliza, "Nani?"

Akaandika, "Yule wa chumbani."

Nikasema sijui, Kaloki hakuniambia. Kisha akaandika neno moja tu, "Unaona?" Akaingia ndani.

Siku tatu hakuandika kitu. Uji nauweka, uji nautoa. Hapo ndipo nilielewa kwamba mimi nilikuwa namwona kama Kiberiti, na yeye muda wote anajijua ni yule wa chumbani. Watu wanapenda uso ule wa kwenye fulana. Mwenye kusema, akinyamaza, atawekwa mwingine kwenye kile kiti.

Bedan alikuja kumwona. Alikuja na ndizi na yale maneno yao ya sinema, akampiga bega, "Stelingi hafi, kijana! Hata risasi ziwe gunia, stelingi hafi!" Maluki akaandika, akampa. Bedan hana miwani nzuri, aliisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. Ilisema, "Stelingi ni yeye. Mimi ni yule wa chumbani." Nikalazimika kumweleza Bedan hiyo habari yote. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akavaa kofia akaondoka, hata chai hakumaliza.

Kesho yake akanipigia. "Mama DJ, Jumapili utakuja Kimbo. Na usiniambie mambo ya kanisa, tunaanza saa tisa, mtakuwa mmemaliza kuimba."

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka kumi na tano nimejisifia huyo mtoto sokoni, kanisani, kwa foleni ya maji, mpaka watu wakiniona wanaanza kuniuliza habari za mbuzi ili nisifike kwa Maluki. Lakini hata siku moja sikuwahi kuingia ile nyumba ya mabati. Mimi ni mama wa kanisa, na unajua yale yanayosemwa juu ya nyumba za video. Niliogopa kuonekana mlangoni. Kwa hivyo nimejivunia sauti ambayo nilikuwa naisikia ikiniomba chumvi tu. Na alipotaka kunisikilizisha kwa simu, kila mara nilikuwa na kazi.

Jumapili nilienda. Pale nje ya duka la mbolea nilivua kitambaa changu cha kina mama nikakitia kwa mkoba. Halafu nikasema, la, nikakitoa nikakifunga tena, nikaingia nacho.

Ndani kuna giza, wamepachika mablanketi madirishani. Watu wamejaa, wengine wamesimama. Waceke akanivuta mkono akamwondoa kijana mmoja wa chuo kwenye benchi nikakaa karibu na mwenzake. Maluki alikuwa mbele kwenye kiti chake, shingo imefungwa skafu, maikrofoni imezimwa. Hakujua nimekuja. Bedan akasimama na blanketi yake, akasema, "Leo DJ anapumzisha koo. Sinema itaenda hivyo hivyo." Mtu akauliza nyuma, "Bila maneno?" Bedan akasema, "Kaa chini, wewe."

Ilikuwa ile wanayoipenda kuliko zote, ile ya tandiko, ambayo ilimpa Maluki jina lake la kazi. Kiberiti anaingia kijijini kwa miguu, farasi hana, amebeba tandiko mgongoni. Upepo unavuma. Anafika kisimani. Wezi watatu wamekaa hapo, wanamcheka kwa lugha yao. Yeye anawatazama. Anawatazama tu. Kaka, ule ukimya, nilisikia mabati yakilia kwa baridi. Nikaona bega la Maluki linapanda, kama mtu anayetaka kuvuta pumzi aanze, halafu likashuka. Nikainamisha kichwa. Nilijuta kuja.

Basi Waceke huko nyuma akasema kwa sauti kubwa, na kile Kiswahili chake cha Kikuyu, "Hamjambo hapo? Mmekula?"

Nyumba nzima ikalipuka. Na wote wakaendelea pamoja, wazee kwa vijana, kama watu wanaosoma zaburi, "Kama hamjala kaeni mle kwanza! Sitaki mtu afe na njaa halafu mseme ni mimi!"

Nikainua kichwa. Kaloki, hayo ni maneno yangu! Si ndivyo nilivyokuwa nawaambia Nzomo na Maluki wakipigana nyuma ya ghala? Kaeni mle kwanza, mtapigana mkishiba. Nikadhani nimesikia vibaya. Mwizi mmoja akashika bunduki, Kiberiti akakunja jicho, nyumba nzima ikasema, "Nitahesabu mpaka tatu, na mbili nimeshasema!" Yangu. Mwizi akatetemeka, wakasema, "Mimi si mkali, ni uso tu umekaa hivi!" Yangu, kaka, nilimwambia mwalimu wake wa darasa la pili hivyo. Na pale Kiberiti alipogundua maji yake yameibwa, wakasimama kabisa, Bedan akipiga kifua kwenye blanketi, "Aliyechukua anajua, na mimi namjua, na Mungu ametuona wote wawili!" Hiyo ni ya siku kuku wangu alipopotea, na mwizi alikuwa mume wa shangazi, unamkumbuka.

Yule kijana wa chuo karibu nami alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Akaniambia, "Mathe, hiyo ya kuhesabu ndiyo huniua kabisa."

Nikamwambia, "Hiyo ni yangu."

Akasema, "Ni ya kila mtu, mathe," akaendelea kutazama.

Hapo Maluki akageuka, akaniona na kitambaa changu katikati ya hao watu. Akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. Miezi sijaona hayo mabega yakicheka.

Nisikudanganye lakini. Maneno waliyashika yote, hata koma. Sauti hakuna aliyeishika. Nilisikiliza ile nyumba yote, watu karibu tisini, nikitafuta kona ambayo mzee wetu angekuwepo. Hakuwepo. Walikuwa wanampa mwanangu kila walichoweza kumpa, na kile kimoja hakuna ambaye angeweza, wala mimi niliyemzaa.

Mwisho wa sinema Kiberiti anachukua tandiko lake anaondoka peke yake. Hapo wote wakanyamaza ghafla. Nikamuuliza Waceke kwa nini. Akanong'ona, "Hiyo ya mwisho ni yake. Hiyo hatugusi." Picha inaenda, mtu anazidi kuwa mdogo kwa vumbi. Nikaona mkono wa Maluki unaenda kwa maikrofoni. Nikainuka. Daktari amekataza, nilitaka kupiga kelele nimwambie nau, usifanye hivyo. Mdomo ulifunguka, hakuna kilichotoka. Kwa hivyo tulikuwa wawili humo ndani bila sauti, lakini yeye akatoa yake, ile iliyobaki, iliyokwaruza kama msasa, polepole:

"Haya, mimi naenda. Fungeni mlango, mbuzi wasiingie."

Kaloki, sihitaji kukuambia ni nani alikuwa akisema hivyo, alfajiri, akienda mnadani na fimbo yake, sisi tukiwa bado tumelala kwenye ngozi. Wewe ulikuwa mdogo lakini unakumbuka. Mimi ndiye nilikuwa nafunga.

Hakuna aliyepiga makofi. Bedan alivua kofia. Walitoka mmoja mmoja wakimgusa kichwani kama mtoto.

Tulipofika nyumbani aliandika, "Jumatatu. Beba chai. Usiningoje steji, tutoke hapa pamoja."

Miezi hii yote nilikuwa naomba aandike maneno hayo. Ameandika, na sasa nataka kuificha hiyo karatasi. Nikiamka nasema, asante Mungu atapona. Nikiwasha moto nasema, wanaenda kumtoa baba yangu kooni mwa mwanangu na mimi ndiye nitakayebeba viatu vyake kwa mfuko wa plastiki. Jana nilishika simu nikataka kumwomba aseme kitu kimoja tu, kidogo, nikiweke. Nikasimama mlangoni. Nimwambie aseme nini? Na daktari amekataza. Nikaishia kumuuliza kama amekula. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikarudi jikoni.

Basi nakuomba jambo moja, na ndilo kubwa katika barua hii. Nenda kwa yule mzee wako fundi wa umeme. Mpelekee kitu anachopenda, kaa naye vizuri, umuulize yule wa chumbani alikuwa anaitwa nani. Jina lake na la baba yake. Kama yuko hai, msalimie, mwambie kuna mwenzake Kimbo. Kama amekufa, bado nalitaka jina. Nilitaka kukuambia kwamba lisipopatikana uandike lolote tu la Kiitaliano, Maluki hatajua. Nimeuzuia mkono. Andika la kweli, hata likichukua muda. Yeye atakuwa hapa kitandani na atakuwa na muda.

Na ukilipata, usipige simu. Andika. Nimenunua madaftari kumi na mawili ya kurasa mia na kalamu za bluu. Najua yeye atanisikia nikiongea, masikio ni mazima, lakini naona si haki mmoja aandike na mwingine apige domo. Tukikaa mezani tutaandikiana wote. Ndiyo sababu ile nyingine niliyokuambia. Tangu darasa la sita sijaandika kitu kirefu hivi, na nimeona nianze mazoezi kwako, kwa vile wewe huwezi kunicheka nikiwa mbali.

Msalimie Rachael sana, mwambie namshukuru kwa kukuvumilia. Mbusu Kaleli, mwambie shangazi yake ana mbuzi wawili ambao hawajapewa majina. Nzomo anakusalimu, Bedan na Waceke hawakujui lakini wanakusalimu kwa kuwa unaishi karibu na Kiberiti. Mungu akae kwenye hilo goti lako, na Jumatatu saa mbili za huku akae upande wetu. Ukumbuke hiyo saa, popote utakapokuwa na hao wazee.

Ni mimi dada yako akupendaye na asiyechoka kukungoja,
Ndunge.

Niliacha barua mezani nikaenda kufunga mbuzi. Nimerudi nimekuta imesomwa, na hapa chini ameandika. Naiacha hivyo hivyo:

Mjomba, yote ni kweli isipokuwa ile ya presha. Na jina usisahau. M.